Barua ya wazi kwa dada: kigari cha matofali hushinda kwenye ekseli

Dada wa Jinja, salaam.

Wanao wamepata ndoo ya matofali ya LEGO ya mitumba, na likizo hii wanataka mashindano ya vigari barazani. Vizuri. Mchezo huu hauli betri, na umeme ukikatika mbio zinaendelea. Shida ni kwamba watoto huanza na bawa la nyuma, taa na dereva, kisha kigari kinagota katikati ya njia. Nakuandikia hadharani kwa sababu si wewe peke yako mwenye ndoo kama hiyo.

Waambie kwanza waache mwili, washughulike na ekseli, ule mhimili unaoshika magurudumu. Matofali ya mitumba huja na nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli. Zichomoe kwa sindano. Osha vipande vyote kwa sabuni na maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, uvikaushe kivulini. Usiogope vipande vya zamani: vile vya plastiki vilivyotengenezwa Denmark tangu 1958 bado vinashikana na vya leo. Vya kuiga ndivyo vya kuangalia. Matundu yao mara nyingi yana makovu ya plastiki ndani, na ekseli inakwaruza.

Pitisha kila ekseli kwenye matofali mawili yenye matundu, moja kushoto na moja kulia, yote karibu na magurudumu. Ukiyaweka katikati, uzito unapinda ekseli na magurudumu yanalala upande. Halafu zile bushi za kuzuia gurudumu lisitoke: watoto huzisukuma mpaka zibane kabisa, na hapo ndipo mbio nyingi hupotea. Acha nafasi ya nusu milimita hivi. Inua kigari, zungusha gurudumu kwa kidole, na usiridhike likisimama ghafla.

Kulainisha, tumia unga wa penseli. Sugua ncha nyeusi ya penseli ya 2B kwenye msasa, weka unga kidogo ndani ya tundu, zungusha, pangusa unaobaki. Mafuta ya kupikia, ya kujipaka au ya pikipiki usiyaguse. Yanakusanya vumbi, na vumbi letu hili jekundu likichanganyika na mafuta linakuwa msasa mwingine.

Matairi ya mpira? Yajaribu na kuyatoa pia. Gari lenye injini linahitaji kung'ang'ania barabara. Hili linavutwa na mteremko, halihitaji. Mpira unabonyea na kula nguvu. Gurudumu zuri ni jembamba, kubwa kiasi, na jepesi: likiwa kubwa, ekseli inazunguka mara chache zaidi kwa kila mita; likiwa zito, sehemu ya nguvu inaishia kulizungusha.

Mwili sasa. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma uwe vinundu 12 (vile vitufe vya juu ya tofali), yaani milimita 96. Kifupi sana huyumba. Pishanisha maungio kama fundi anavyojenga ukuta, na juu weka vipande bapa virefu vya kufunga yote pamoja. Pua isitangulie magurudumu ya mbele, maana ndiyo itakayogonga pale mteremko unapokutana na sakafu.

Wekeni kikomo cha uzito, tuseme gramu 150, na mizani ya jikoni iwe mwamuzi. Maskauti wadogo wa Marekani, wanaokimbiza vigari vya mbao tangu 1953, hutumia kikomo kinachokaribia hicho. Tofali la vinundu 2 kwa 4 lina gramu 2.3 hivi, kwa hiyo matofali 65 matupu yanatosha kufika huko. Ni afadhali kutumia machache na kujaza nati za chuma au sarafu, kwa sababu uzito mdogo kwa umbo unaweza kuupeleka unapotaka. Vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia nyavu za wavuvi usiwape, ni sumu.

Uzito upeleke nyuma. Laza kigari juu ya ukingo wa rula: kinapokaa sawa pawe sentimita 2 au 3 mbele ya ekseli ya nyuma. Sababu ni hii. Kigari kina mtaji mmoja tu, kimo kinakoanzia. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, kurudisha uzito nyuma sentimita 4 kunauinua sentimita 2. Ukiteremka sentimita 61, hiyo ni nyongeza ya asilimia 3 ya nguvu, na mwishoni inazaa kama sentimita 4 za kutangulia. Ukizidisha, magurudumu ya mbele yanaelea na kigari kinagonga kando.

Njia mpelekee seremala. Plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8 apasue vipande vinne vya urefu, kila kimoja upana wa sentimita 30 hivi. Kipande kimoja kikatwe katikati: kila nusu, sentimita 122, ndiyo mteremko wa njia moja kati ya mbili, ncha ya juu ikae sentimita 61 kutoka sakafuni. Nusu ya urefu, kwa hiyo nyuzi 30 bila kupima pembe. Kwa kila njia, kipande kizima cha sentimita 244 kilale chini, na pimamaji ithibitishe hakielemei upande. Kwenye kona ya maungio tandika plaiwudi ya milimita 3 iliyopindwa taratibu, vinginevyo vigari vinaruka na kuvunjika.

Katikati ya kila njia pigilia ubao mwembamba wa kimo cha milimita 5, ambao kigari kinaupanda miguu huku na huku. Upana wake upungue milimita 8 kuliko nafasi iliyopo kati ya magurudumu. Ukitoa matairi tumbo linashuka, kwa hiyo pima upya.

Lango la kuanzia ndilo huleta ugomvi. Mikono miwili haiachii pamoja hata siku moja. Tumia bawaba, mbao moja yenye vijiti viwili, na mkanda wa tyubu ya baiskeli uivute chini kwa nguvu. Likianguka polepole, kigari kinalisukuma na kupoteza mwanzo.

Kila jozi ikimbie mara mbili, wakibadilishana njia, maana njia mbili hazifanani kamwe. Kama simu yenu inapiga picha 240 kwa sekunde, weka mwishoni. Kigari kinasogea sentimita 1.4 tu kati ya picha na picha. Nyuma ya mstari tandika blanketi nene la kuvidaka.

Mdogo wao mpe kazi ya lango, raundi ambayo hana kigari.