Mvule unatupotea huku tunapanda mitiki

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo niongelee mvule, maana kila mvua zikianza tunaona picha za viongozi wakipanda miti na miti yenyewe ni mitiki na mikaratusi tu, mvule hata mmoja hauonekani.

Mimi ni seremala huku Muheza. Mbao ya mvule ukiipiga randa inatoka njano, ikikaa inageuka kahawia, mchwa wanaikwepa, na ndo mana wazee waliitumia kwa milango na madirisha. Huko nje wanaiita iroko na wanainunua kwa bei kubwa. Ina tabu zake pia, vumbi linawasha pua, na ndani ya gogo unaweza kukuta jiwe la chokaa, msumeno ukiligonga meno yote kwisha.

Watu wanasema haupandwi kwa sababu unachelewa kukua. Kuchelewa kweli, ila tatizo kubwa ni kadudu kanaitwa Phytolyma, kanataga mayai kwenye majani machanga, yanavimba vijinundu vya kijani, vikipasuka ukungu unaingia, ncha inaoza na mche unadumaa au unakufa kabisa. Sasa ukipanda mivule mitupu mistari kwa mistari kwenye jua kali hapo umekaandalia karamu. Inatakiwa uchanganywe na miti mingine, upate kivuli kiasi. Ghana watafiti wao wamehangaika miaka mingi kutafuta miche inayostahimili, sisi tunashindwa nini?

Na kuna hili ambalo wengi hawalijui, mvule una mti dume na mti jike, matunda yanatoka kwa jike tu, popo wanayala usiku na kusambaza mbegu. Mtu anaangusha mti shambani anasema si upo mwingine kwa jirani, kumbe aliouangusha ndo jike pekee eneo zima, waliobaki wote madume, basi hapo hakuna mche utakaoota tena.

Naomba watu wa misitu, kabla ya kutoa kibali cha kukata wauangalie kwanza mti wakati wa matunda, kama ni jike na yuko peke yake uachwe. Na vitalu vioteshe mvule, tugawiwe hata miche mitano mitano kila kaya, tuipande katikati ya migomba na minazi yetu.

Seremala, Muheza, Tanga