Wagonjwa wa sukari watazamwe miguu huku huku mtaani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la miguu ya watu wenye sukari hapa Mombasa, manake nshachoka kuona watu wazima wakikatwa miguu kwa kitu kilichoanza kama lengelenge la kiatu.

Mjomba wangu yuko Likoni, ana sukari miaka mingi. Kila akienda kiliniki anapimwa sukari, anapimwa presha, anapewa dawa, anarudi nyumbani na viatu hata havijavuliwa. Mwaka jana msumari ulitoboa ndara ukamwingia kwenye unyayo, akatembea nao mpaka msikitini na kurudi na hakusikia kitu, aliyegundua ni mjukuu wake alipoona damu sakafuni. Ndivyo sukari inavyofanya, inaua mishipa ya fahamu pole pole huku ile ya damu nayo inaziba, kwa hivo mtu hasikii maumivu na kidonda hakiponi, akija kushtuka kidole kishakuwa cheusi.

Hapo ndio tukaanza kuzungushwa. Zahanati ya karibu wakasema wao kazi yao kufunga kidonda tu, nendeni hospitali kubwa ng'ambo, kule nako tukapewa tarehe ya mbali. Na huyu mtu kaambiwa mguu asiukanyage! Sasa asiukanyage vipi na apande tuktuk, asimame kwenye feri, halafu apandishe ule mlima wa kutokea feri na umati wa asubuhi unamsukuma nyuma?

Wataalamu wa dunia wa mguu wa kisukari walishaweka wazi, kila mwenye sukari atazamwe miguu angalau mara 1 kwa mwaka, na yule wa hatari kubwa, yaani miguu imekufa ganzi au damu haifiki vizuri halafu ashawahi kupata kidonda, au kukatwa kidole, au figo zake zimefeli, huyo atazamwe kila baada ya mwezi 1 hadi 3. Wataalamu wa miguu waliosomea kazi hiyo Kenya ni wachache sana, naelewa, lakini kutazama mguu hakuhitaji kungoja mtaalamu. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba mwaka 2023, mna mashine ya presha na ya sukari, na wanaingia majumbani mwetu. Wafundishwe tu na ule mtihani wa kidole: mgonjwa anafumba macho, unamgusa kidogo tu, bila kubonyeza, ncha ya kidole gumba, cha katikati na kile kidogo cha mwisho, miguu yote miwili. Asiposikia sehemu 2 au zaidi kati ya hizo 6, huyo mguu wake uko hatarini. Haigharimu hata shilingi. Tena mamangu na wenziwe wanaona haya kuweka mguu mbele ya daktari wasiyemjua, lakini kwa binti wa mtaani wanayemjua wananyoosha bila shida.

Huyo huyo mhudumu ataona na mambo mengine ya nyumbani. Sugu zinakatwa na wembe, mtu anakanda miguu na maji ya moto yenye chumvi na ngozi haisikii, inaungua. Wanaotia udhu mara 5 kwa siku wakumbushwe kukausha katikati ya vidole, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaa. Hivi vitu hakuna anayeambiwa pale kiliniki, na vidonda vingi vinaanzia hapo.

Ninachoomba kwa kaunti ni hiki. Kila kituo cha afya, Likoni, Kisauni, Changamwe, Jomvu, kiweke siku moja kwa wiki ya miguu, awepo muuguzi aliyefunzwa kupunguza sugu na kusafisha kidonda vizuri, na wenye hatari kubwa waandikwe kwenye daftari lao ili asiyekuja apigiwe simu. Na iwepo njia ya moja kwa moja ya hospitali kuu, kidonda kikianza kunuka, kuvimba au kuwa cheusi, au mtu ana homa, apokelewe siku hiyo hiyo, asipewe tarehe.

Mkaazi wa Likoni