Mpangaji na vyungu vyake vya maua

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kichwani.

Kuna picha ya Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, aliichora 1873 akiwa Argenteuil karibu na Paris na sasa iko makumbusho ya Chicago. Ni nyumbani kwake tu, mkewe Camille yuko mlangoni, mtoto wao Jean yuko uani kashika ringi anacheza, nyumba imefunikwa na majani ya kutambaa, na mbele kuna vyungu vya buluu na nyeupe vyenye maua vimepangwa hapo uani. Basi. Ila ukiangalia ule mwanga, unatamani ukae hapo.

Sasa kilichonigusa ni kwamba jamaa alikuwa mpangaji, nyumba haikuwa yake! Alipohamia Vétheuil vyungu vikaonekana tena kwenye picha ya bustani ya huko, yani kavibeba kama sisi tunavyobeba magodoro.

Huku Dodoma kila mtu anasema nyumba sio yangu nipande maua ya nini, na wenye nyumba nao wanamwaga pevingi uwanja mzima mpaka getini, jua la saa nane unaungua miguu. Maji ni ya mgao sawa, lakini bogonvilia haihitaji maji mengi, na ndoo za rangi zilizoisha zimejaa kila saiti ya ujenzi.

Mhariri, siku moja itoeni hiyo picha kwa rangi, wenye nyumba waione.

Mpangaji, Nkuhungu, Dodoma