Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kabla hujatuagiza kuunda timu za uongozi

Mheshimiwa Waziri,

YAH: TIMU ZA UONGOZI WA SHULE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimesikia kwamba wizara inaandaa mwongozo utakaoitaka kila shule iwe na timu ya uongozi ya kusimamia uboreshaji endelevu wa ufundishaji. Mimi ni mwalimu wa taaluma, na wazo hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Ninachohofia ni namna litakavyotufikia: waraka mrefu, semina ya siku moja, fomu ya kujaza majina ya wajumbe, na tarehe ya mwisho ya kuirudisha. Tutaijaza. Kwa kujaza fomu walimu hatujambo. Baada ya mwezi utakuwa na orodha inayoonyesha kwamba kila shule ina timu, na darasani hakutakuwa kumebadilika kitu.

Maana timu, Mheshimiwa, tunazo tayari. Kuna mkuu wa shule, makamu wake, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa nidhamu na wakuu wa idara, na tunakutana. Chukua muhtasari wa kikao chochote uusome: kufungua kikao, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, usafi wa mazingira, utoro na nidhamu, maandalizi ya ugeni, taaluma, mengineyo, kufunga kikao. Taaluma ni ajenda ya saba. Ikifikiwa, wenye vipindi wameshaanza kutazama saa, na kinachoandikwa ni hiki: "Walimu walihimizwa kuongeza juhudi ili kuinua ufaulu." Sentensi hiyo utaikuta katika muhtasari wa muhula huu, wa muhula uliopita na wa mwaka juzi, kinachobadilika ni mwandiko wa katibu. Nani aongeze juhudi, katika jambo gani, hadi lini, na tutajuaje kama imesaidia? Hakuna anayeuliza, na kengele inalia.

Wapo watakaokushauri uachane na timu, utafute tu wakuu wa shule wazuri. Hawajakosea sana. Mwaka 2004 Kenneth Leithwood, mtafiti wa uongozi wa shule, na wenzake walipitia tafiti nyingi wakahitimisha kwamba, katika mambo yaliyo ndani ya uwezo wa shule, uongozi unafuata mara baada ya ufundishaji wa darasani kwa uzito wake katika kujifunza kwa mtoto. Mapitio mengine ya Marekani, ya mwaka 2021, yaliona kwamba shule ikimpata mkuu aliye bora kuliko robo tatu ya wenzake, badala ya yule anayezidi robo moja tu, wanafunzi wanapata kujifunza zaidi kwa karibu miezi 3 kila mwaka katika hisabati na kusoma. Si jambo dogo.

Lakini huyo mkuu bora anafanya nini kutwa nzima? Hawezi kuwa katika kila darasa. Kama alisomea historia, si yeye atakayegundua kwa nini watoto hawaelewi sehemu katika hisabati, kama 1/2 na 1/3. Na akipata uhamisho, kila kilichokuwa kichwani mwake anaondoka nacho, anayekuja anaanza moja. Mkuu mzuri anaonekana kwa watu alioweza kuwafanya waongoze pamoja naye, na hapo ndipo timu inapoingia.

Nikueleze jinsi kazi yenyewe inavyoonekana ikifanyika.

Shuleni kwetu, baada ya mtihani mmoja wa muhula, tuliacha kubandika wastani ukutani. Tukakaa na karatasi za watoto mezani, swali kwa swali. Swali la kujumlisha 1/2 na 1/3 lilikuwa limewashinda karibu watoto wote, na jibu la wengi lilikuwa lilelile: 2/5. Kunakiliana kusingeeleza hali ile, maana jibu lilitoka katika mikondo yote. Watoto walikuwa wakijumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini). Machoni pao sehemu ni namba mbili zilizopandana, kila moja na shughuli zake, wala hawaioni kama namba moja yenye mahali pake. Mwalimu wa darasa la chini akasema, bila kuulizwa, kwamba yeye huishia kwenye kupaka rangi vipande vya maumbo kwa sababu muhula humwishia. Mwalimu wa darasa la juu siku zote alidhani msingi umeshajengwa. Meza za walimu hao wawili zimepakana.

Hatukuandika mpango mkakati. Tulikubaliana jambo moja dogo: kwa majuma mawili, kila kipindi cha hisabati cha mikondo ile kianze na mstari wa namba ubaoni. Mtoto aonyeshe 1/2 iko wapi, 1/3 iko wapi, na kabla ya kukokotoa akisie kama jumla itazidi nusu. Aliyekwisha kuona kwamba 2/5 iko kushoto kwa nusu hatakubali kirahisi kwamba nusu ukiiongezea kitu inapungua. Ijumaa yanakuja maswali matano mafupi, yanasahihishwa papo hapo.

Mikondo miwili ilisogea. Mmoja haukusogea, na huo ndio uliotufundisha zaidi. Mwalimu wake hakujitetea. Alifungua daftari lake akatuonyesha kwamba kipindi chake ni cha mwisho mchana, ndicho kinachomegwa kila shule inapokuwa na shughuli, na mstari wa namba ulikuwa umechorwa mara chache tu. Tungekuwa tumeletewa matokeo ya Ijumaa peke yake, tungesema mbinu imefeli, au mwalimu amezembea. Kumbe ni ratiba, na ratiba ni kitu ambacho watu waliokuwa wamekaa pale wana mamlaka ya kukibadilisha. Kipindi kikahamishiwa asubuhi.

Uboreshaji endelevu, kwa ninavyouelewa, ni hivyo tu: unalitazama tatizo kwa karibu, unajaribu kitu kidogo, unapima mapema, unarekebisha, unarudia. Mzunguko huo haukuzaliwa shuleni. Ulitoka viwandani, kwa wataalamu wa Marekani wa ubora wa bidhaa, akina Walter Shewhart na W. Edwards Deming, na huyo Deming alikwenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda mbinu za kusimamia ubora. (Bati la kiwandani halina mama mgonjwa nyumbani, kwa hiyo tusiyabebe ya viwandani yote.) Walimu wa Japani, kwa upande wao, walikuwa na utamaduni mkongwe zaidi wa namna hiyo, wa zaidi ya miaka 100: walimu wanaandaa somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa darasani kuwatazama wanafunzi, wanavyofikiri na wanapokwama, kisha wanalijadili na kulirekebisha. Wanaotazamwa ni wanafunzi. Nasisitiza hapo kwa sababu kwetu mtu akiingia darasani na karatasi, anayetazamwa ni mwalimu, na mwalimu anafundisha somo la maonyesho ambalo watoto wameshalifanyia mazoezi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Yule mwalimu aliyefungua daftari lake mbele yetu alithubutu kwa sababu alijua halitamrudia. Asingethubutu mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumwandikia barua ya kujieleza. Anthony Bryk na Barbara Schneider, waliozifuatilia shule za msingi za Chicago katika miaka ya 1990, waliona kwamba kati ya shule ambazo watu wake waliaminiana, nusu ziliingia katika kundi la zilizoboreka kitaaluma. Kati ya zile ambazo kuaminiana kulikuwa duni, ni 1 kati ya 7. Na kule Atlanta, pia Marekani, tunajua upande wa pili ulivyo. Wakuu wa shule waliwekewa malengo ya alama mwaka hadi mwaka, wasiofikia wakijua kitakachowapata. Uchunguzi wa serikali ya jimbo uliotolewa mwaka 2011 ulibaini udanganyifu katika shule 44, ukiwahusisha walimu na wakuu wa shule 178. Watu wazima walikuwa wakifuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi. Mezani kwa wakubwa, takwimu zilikuwa zinapendeza.

Kwa hiyo takwimu ndogo ndogo za timu, zile za Ijumaa, naomba ziishie shuleni. Wizara ina mitihani yake na ina haki ya kuuliza matokeo yake. Lakini siku utakapoagiza kwamba maswali yetu matano yajazwe kwenye fomu na kupandishwa ngazi kwa ngazi hadi wizarani, siku hiyohiyo watoto wote watayapata matano.

Kuna muda pia. Timu inayokutana baada ya kazi, watu wamechoka na wengine wakiwahi usafiri, inakutana ili imalize. Naomba mwongozo utamke kwamba vipindi viwili vinavyofuatana kila juma ni vya timu, vimo ndani ya ratiba, na havimegwi kwa ajili ya ugeni wala sherehe. Najua swali lako: wakati huo madarasa yao atakuwa nayo nani? Mtengeneza ratiba akiambiwa mapema, anaweza kuacha vipindi hivyo wazi kwa wajumbe wote kwa pamoja. Ni kazi ya kalamu na kifutio. Pale penye upungufu mkubwa wa walimu, hilo ni gumu kweli, sitakudanganya. Huko timu iwe ya watu watatu, na hao watatu wapunguziwe ripoti. Takwimu zilezile za mahudhurio tunazijaza kwenye fomu zaidi ya moja, kwa ofisi zaidi ya moja. Ukifuta hata fomu moja, umeshatununulia muda bila kutoa senti.

Kuhusu wajumbe, tafadhali msituletee orodha ya vyeo. Kwa vyeo peke yake tutarudi kwenye kikao kilekile chenye ajenda ya usafi wa mazingira. Aingie mwalimu wa darasa la kwanza, anayejua watoto wanapoanza kuachwa nyuma. Aingie mwalimu kijana ambaye bado anashangaa mambo tuliyoyazoea. Mkuu wa shule awepo, na si kwa kufungua na kufunga kikao. Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake, katika uchambuzi wao wa mwaka 2008, walilinganisha mambo matano wanayoyafanya viongozi wa shule, na lililoonekana kuhusiana zaidi na matokeo ya wanafunzi ni kiongozi kuhimiza walimu wajifunze na yeye mwenyewe kukaa nao akijifunza. Mkuu anayewaambia walimu "hata mimi sikujua kwa nini wanaandika 2/5" amefanya kazi kubwa kuliko hotuba ya paredi.

Uhamisho nao. Timu inahitaji kama mwaka mzima kabla wajumbe hawajaanza kuambiana ukweli bila kuzungukazunguka, na ndipo barua zinapofika: makamu aende kule, mkuu wa idara ya hisabati aende huku. Sisemi watu wasihamishwe. Nasema wasihamishwe wote kwa mkupuo, na mkuu wa shule anayeondoka apewe muda wa kukaa vikao kadhaa na anayemrithi, badala ya kukabidhiana funguo na muhuri.

Semina ninaipitia haraka kwa kuwa imeshasemwa sana. Siku moja ukumbini haijengi timu. Afadhali mtu mmoja anayeijua kazi, arudi shuleni kila mwezi, akae pembeni mwa kikao, aulize maswali, aondoke.

Mwisho ni wakaguzi wako. Shule inajipanga kujibu kile itakachoulizwa. Wakija na kuuliza "faili la timu liko wapi?", tutatengeneza faili, lenye jalada zuri. Waelekeze waulize hivi: muhula huu mlihangaika na tatizo gani la watoto, mlijaribu nini, na ni kipi kilichokataa? Shule isiyo na hata jambo moja lililokataa, huko ndiko wakae zaidi, maana ama haijajaribu kitu ama inaficha. Na shule itakayosema wazi kwamba jambo fulani lilikataa, naomba isipigiwe alama nyekundu kwa kusema hivyo.

Usianze nchi nzima. Anza na shule zitakazoomba zenyewe, uziache zikosee kwa mwaka wa kwanza bila kamera wala uzinduzi, kisha walimu wa shule hizo ndio waje kutufundisha sisi wengine. Na mwongozo utakapochapwa, suala la muda ndani ya ratiba liwe ukurasa wa kwanza, kabla ya orodha ya wajumbe na majukumu yao. Likikaa kwenye viambatisho, hakuna atakayelifikia.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa taaluma, shule ya msingi