Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliye Coburg, Ujerumani

Mpwa wangu,

Picha uliyoirusha kwenye kundi la familia imezua maneno. Kichwa cha mtu mweusi, midomo minene, hereni sikioni, kimewekwa kwenye mfuniko wa chemba na watu wanakikanyaga wakienda zao. Mama yako anataka urudi nyumbani kesho. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa najua si wewe peke yako unayepita juu ya mifuniko hiyo na donge kooni.

Kichwa hicho ndicho nembo ya mji wa Coburg. Huyo si mtumwa, wala si adui aliyekatwa kichwa akafanywa pambo. Ni Mtakatifu Morisi, msimamizi wa mji huo, ndiyo maana kanisa lenu kongwe linaitwa Morizkirche, yaani Kanisa la Morisi. Masimulizi ya Kanisa yanasema alikuwa kamanda wa kikosi cha Kirumi kilichotoka Thebe, Misri ya juu, mwishoni mwa karne ya 3. Kaizari Maximianus aliwaamuru waitolee sadaka miungu ya Roma, wakagoma, wakauawa pamoja naye huko ambako leo ni Uswisi.

Kwa karne nyingi Wazungu walimchora mweupe kama wao. Kisha, karibu mwaka 1240, fundi mmoja wa Magdeburg, mji mwingine wa Ujerumani, akachonga sanamu ya mawe ambayo hadi leo imo kwenye kanisa kuu la mji ule. Itazame vizuri mtandaoni: pua pana, mashavu yamejaa, kofia ya pete za chuma imeukaza uso, na deraya ya askari wa farasi wa Ulaya ya kale kifuani. Ni uso wa mtu halisi, umechongwa kwa heshima. Sanamu za namna hiyo zilifuata sehemu nyingi za Ujerumani.

Ya Coburg ni habari nyingine. Deraya hakuna, kofia hakuna, hata alama ya utakatifu hakuna. Kimebaki kichwa cheusi juu ya ngao ya dhahabu, na hereni ambayo askari wa Magdeburg hakuivaa. Mji uligeukia Ulutheri (Luther mwenyewe alikaa kwenye ngome iliyo hapo juu yenu mwaka 1530 na kuhubiri katika kanisa hilohilo), na Walutheri hawaombi kwa watakatifu. Nadhani ndivyo mtakatifu alivyosahaulika, ikabaki sura yake tu. Kwa hiyo hasira yako ina haki yake: asili ya nembo ni ya heshima, lakini mchoro wenyewe ni wa katuni.

Sasa sikia na hili, mjomba. Coburg ulikuwa mji wa kwanza Ujerumani ambako chama cha Hitler kilipata wingi wa viti kwenye baraza la mji, mwaka 1929. Mwaka 1934 wakakiondoa kichwa hicho. Mtu mweusi kuwa alama ya mji wao kuliwachoma. Wakaweka upanga wenye swastika, alama ya chama chao, mpinini. Mwaka 1945, utawala wao ulipoanguka, Morisi akarudishwa.

Ndiyo maana mwaka 2020, maandamano ya kupinga ubaguzi yalipopamba moto, walipotokea watu kukusanya saini ili kiondolewe, wengine wakakusanya za kukitetea, na si wote waliokitetea walikuwa wabaguzi. Wapo waliokumbuka nani alikifuta mara ya mwisho.

Wakikuuliza chuoni, sema lako. Mimi ningekiacha, ila ningemwita mchoraji akakae Magdeburg wiki nzima mbele ya sanamu ile, arudi na Morisi mwenye kofia yake ya chuma na deraya yake, hereni aiache hukohuko. Na kwenye mifuniko ya chemba wangeandika jina la mji tu. Maji machafu hayahitaji mtakatifu.

Mjomba wako