Tuondolewe mzigo wa mihuri ya balozi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie usumbufu wa kuthibitisha nyaraka zinazotakiwa nje ya nchi. Kijana wa Bukoba aliyepata chuo Ulaya anachukua cheti chake cha kuzaliwa kilichotolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, anakipeleka Wizara ya Mambo ya Nje kigongwe muhuri, kisha anakwenda nacho ubalozi wa nchi husika, ambao kwa kawaida uko Dar es Salaam, kugongewa mwingine. Kila mahali pana ada yake, na hapo hujahesabu nauli ya basi na malazi.

Jambo hili lina dawa tangu 1961. Mkataba wa Hague wa mwaka huo unazitaka nchi wanachama zikubali hati moja tu, iitwayo apostili, inayotolewa na mamlaka ya nchi ilikotoka nyaraka. Ubalozi hauhusiki tena. Jirani zetu Burundi wamo tangu 2015, Rwanda tangu 2024. Oman, waliko ndugu zetu wengi, imo tangu 2012. Sisi Tanzania bado.

Wapo wanaohofia vyeti vya kughushi. Lakini mkataba unailazimu kila nchi iweke rejista ya apostili ilizotoa, na anayeipokea ana haki ya kuuliza kama namba na tarehe yake vimo. Hiyo ni kinga kubwa kuliko wino wa muhuri pekee.

Namwomba Waziri aufikishe mkataba huu bungeni uridhiwe, na wabunge wa mikoa ya mbali waushikilie.

Msomaji,
Bukoba