Malalamiko: vibao vibovu vya meli ya mfano na kudhalilishwa dukani kwenu

Chumbageni,
Tanga.

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: VIBAO VIBOVU VYA MELI YA MFANO NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATEJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba barua hii uisome wewe mwenyewe, isiishie mezani kwa watu wa mapokezi, kwa sababu inamhusu mtu wa mapokezi.

Masharti yenu ya kurudisha bidhaa unayajua, mmeyachapa nyuma ya kila risiti, kwa hiyo sitayarudia. Naanza na mkono wa msimamizi wenu wa kaunta. Nilimkabidhi chombo, ile meli ya mfano niliyoanza kuiunda kwa vibao vya boksi lenu, akikague. Tumbo lilikuwa limeshapigwa mbao kuanzia usawa wa sitaha kushuka hadi karibu na mkunjo wa chini, pande zote mbili. Akakishika kwa mkono mmoja, akaweka dole gumba upande wa kushoto, kati ya taruma (yaani ubavu wa chombo) la tatu na la nne, akabonyeza. Nikamwambia, "Polepole, mwanangu." Akabonyeza tena. Ubao ukalia, ukapasuka, ukazama ndani. Akakirudisha chombo juu ya kaunta na kusema kwa sauti iliyosikika duka zima: "Bibi, hii siyo kazi ya kusuka mikeka. Nenda kapumzike." Watu wakacheka.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa ufundi seremala. Marehemu baba yangu aliunda mashua Pangani, na majina ya sehemu za chombo kama mkuku, yaani uti wake wa chini, taruma na hanamu niliyajua kabla sijajua kusoma. Siandiki haya kujisifu. Nayaandika kwa sababu mtu wenu hakuniuliza nimefanya nini na vile vibao; aliangalia mtandio wangu akahukumu.

Sasa nieleze ubovu wenyewe, ili asije mtu akasema nimekasirika tu.

Mlituuzia boksi la meli ya milingoti miwili, ya kupigwa mbao matabaka mawili. Tabaka la kwanza ni vibao vyeupe laini, na lebo inasema kila kimoja kina unene wa milimita 1.5 na upana wa milimita 5. Nimevipima kwa kaliba, kifaa cha kupimia unene, kimoja kimoja. Vipo vya 1.1, vipo vya 1.8, na vyote vimefungwa kwenye tita moja. Anayeuza meli za mfano anapaswa kujua maana yake. Kibao chembamba kikilala ubavuni mwa kinene panatokea ngazi. Ili kuiondoa ngazi hiyo lazima upige msasa kile kinene mpaka kishuke, na kile chembamba nacho kinaguswa kila unapopita, kinabaki kama karatasi. Ndiyo maana dole gumba la mtu wenu lilipita pale. Na tabaka la pili, lile la nusu milimita la mbao ya rangi ya kahawia, halifichi kitu: hufuata kila kivimbe na kila bonde la tabaka lililo chini yake.

Kwenye jahazi la kweli nafasi ndogo kati ya mbao na mbao hutiwa kalafati ya pamba, na chombo kikishashushwa mbao hunywa maji, hufura na kubana. Meli ya mfano ya mezani kama hii haishushwi majini. Pengo ulilouza ndilo pengo litakalobaki.

Halafu nyuzi za mti. Kibao cha kukunjwa omo, yaani mbele ya chombo, lazima nyuzi zake ziende na urefu wake. Vingi kati ya vyenu nyuzi zinakatiza kwa mshazari, zinatoka upande mmoja na kuishia upande wa pili ndani ya urefu wa kidole. Kibao cha namna hiyo ukiloweke utakavyo, ukitie mvuke, ukipitishie pasi ya moto, kitavunjika palepale nyuzi zinapokatiza. Mtu wenu alinijibu kwamba kosa ni langu kwa kuvilowesha, na kwamba kibao kikilowa "dhamana imekufa". Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi lenu inaagiza, kwa maneno na kwa picha, vibao vya omo vilowekwe majini kabla ya kukunjwa! Nilikuwa nayo mkononi. Nilimfungulia ukurasa. Hakuutazama.

Nilikuwa nimebeba na tita la pili, halijafunguliwa, utepe wa kiwandani bado uko juu yake. Hilo halijaona maji. Nilimwomba alifungue yeye mwenyewe, mbele ya wateja, avipime vibao kwa kaliba yangu au yake. Kama ningekuwa nimeviharibu mimi kwa maji, tita lile lingemwonyesha. Akasema hana muda wa kupima vijiti.

Taruma la tano nalo limekatwa vibaya. Nililiweka juu ya karatasi, nikalichora kwa penseli, nikaikunja karatasi kwenye mstari wa katikati: upande wa kushoto umezidi wa kulia kwa karibu milimita 2. Milimita 2 kwenye meli ya mfano ni kilima. Karatasi hiyo ninayo na nakala yake nimeiambatisha. Kabla ya kubandika ubao wowote nilichonga kingo za mataruma ya omo na ya tezi (nyuma ya chombo) kwa mshazari, kwa tupa kisha msasa, nikawa napitisha kipapi chembamba, yaani ukanda wa mbao, juu ya mataruma matatu matatu kuona kama kinalala bila kuacha mwanga chini yake. Pote kililala, isipokuwa kwenye hilo la tano. Ilinibidi nilipunguze mimi, kazi ambayo mashine ya kiwanda mnachonunua kwake ilipaswa kuwa imeifanya.

Na kupanga mbao nilipanga kama inavyotakiwa. Nilizungusha ukanda wa karatasi kwenye kila taruma, kutoka sitaha hadi mkuku, nikapima, nikagawa kwa idadi ya mbao. Katikati ya chombo ni milimita 100, yaani mbao 20 za upana kamili wa milimita 5. Omo, mbao hizohizo 20 zina nafasi ya milimita 60 tu, kwa hiyo kila moja lazima ipunguzwe hadi milimita 3. Hiyo bado imezidi nusu ya upana wake, na chini ya nusu hupunguzi, maana ncha haitashika gundi wala pini. Nilibandika moja kulia, moja kushoto, kwa zamu, ili mbao zinapokauka na kusinyaa zisiuvute mkuku ukapinda. Mkuku wangu haukupinda. Njooni mpime. Mtu anayefanya kazi kwa namna hii haambiwi aende kapumzike.

Fedha za boksi hilo si zangu peke yangu. Zilichangwa na wazazi wa wanafunzi wa klabu ya ufundi ninayoisaidia hapa mjini. Watoto hawa wanaishi kilometa chache kutoka Sahare, wanaona mashua ufukweni kila Jumamosi, lakini hakuna kati yao aliyepata kuona jinsi ubao ulionyooka unavyofanywa uzunguke tumbo la chombo. Mafundi wa kuunda wanapungua mwaka hadi mwaka. Nilitaka wajifunze kwa mikono yao, kwenye kitu kinachoenea mezani. Waliona vibao vikivunjika kimoja baada ya kingine mikononi mwa mwalimu wao, na wasichana wawili wakaanza kuamini kwamba wao ndio hawana mikono ya kazi. Hilo ndugu Meneja limeniuma kuliko bei.

Nilipiga simu kwanza. Kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam nilipiga simu yenu ya huduma kwa wateja, na dada aliyepokea alinisikiliza vizuri, akaniambia nije na boksi, risiti na kazi niliyokwisha fanya, nitabadilishiwa. Maneno yake ndiyo yaliyonipandisha basi. Huyo dada sina ugomvi naye, na naomba asiingizwe katika lawama hii. Baada ya tukio nilipiga tena, nikaambiwa msimamizi "ameshalifunga suala". Amelifunga vipi wakati yeye ndiye suala?

Nirudi pale kaunta, kwa sababu mara ya kwanza nimeeleza kwa ufupi kuliko ilivyokuwa.

Niliingia, nikasalimu. Hakuitikia. Sikudai shikamoo, ingawa nina umri wa kumzaa mama yake. Nilifungua kanga niliyokuwa nimekivingirishia chombo, maana nilikipakata njia nzima kutoka Tanga kisije kikagongwa, nikakiweka juu ya kaunta. Akamwita mwenzake, "Njoo uone." Si njoo tukague. Njoo uone. Ndipo akakinyanyua, akakigeuza mkuku juu, kama mtu anayechagua samaki mnadani, na mkononi alikuwa na pete nene. Alipobonyeza mara ya kwanza ubao ulishuka ukarudi, na yeye aliona kwamba umeshuka. Nilisema polepole mwanangu. Alinitazama machoni kisha akabonyeza ya pili, kwa pete, na ubao ukapasuka kuanzia taruma la tatu hadi la nne na kuachia gundi kwenye la tano. Kwa hiyo hakuteleza. Alijua. Akasema yale maneno ya mikeka, mwenzake akacheka, wateja wawili wakacheka, mmoja akatoa simu akapiga picha. Nikaomba kuonana na meneja wa duka. Akachukua chombo changu kutoka kwenye kaunta, hakunipa mkononi, akakiweka sakafuni karibu na mlango, akasema, "Meneja hayupo, na hapo unazuia wateja." Niliinama kukiokota. Vipande vya ubao vilikuwa vimedondoka, navyo nikaviokota, mlinzi ndiye aliyenisaidia. Mlinzi mnamlipa kidogo kuliko huyo msimamizi, sina shaka, na ndiye pekee aliyekuwa na adabu humo ndani.

Mama yangu alisuka mikeka. Ukindu alioukata na kuupaka rangi kwa mkono wake ulinilipia ada ya shule. Sikubali kazi hiyo itumiwe kama tusi dukani kwenu wala kokote.

Nilipoanza kuiandika barua hii nilikusudia kuomba mambo mawili: mnibadilishie matita yote ya vibao na mnipe taruma jipya la tano. Nimeandika mpaka hapa na sitaki tena vibao vyenu. Nataka fedha yote iliyolipwa, Sh 480,000, irudishwe kwa namba ileile iliyolipa, pamoja na nauli yangu ya kwenda na kurudi. Nataka barua ya kuomba radhi, yenye saini yako na saini ya msimamizi huyo, itaje waziwazi kwamba alivunja kazi ya mteja kwa makusudi na kwamba vibao vilikuwa na kasoro kabla havijalowekwa. Barua hiyo nitaisoma mbele ya klabu, ili wale wasichana wawili wasikie kutoka kwenu kwamba kosa halikuwa mikononi mwao. Na nataka boksi za aina hiyo zitolewe kwenye rafu mpaka mtakapovipima vibao vyake, maana kuna mtoto mwingine mahali fulani ambaye atavunja vibao vyenu na kudhani ni yeye.

Nawapa siku 7 tangu barua hii ipokewe. Nilikuwa nimeandika 14, nimeifuta.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Milimita 1.1 hailingani na 1.5, na hapo hakuna cha kubishania. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya kuisimamia. Nina risiti, nina lebo, nina tita lenye utepe wake, nina karatasi ya taruma, nina ukurasa wa maelekezo, na namba ya simu ya mteja mmoja aliyeona yote, ambaye alinifuata nje kunipa pole na kusema yuko tayari kutoa ushahidi. Tita hilo sitalifungua. Litafunguliwa mbele ya ofisa wa Tume, au mbele ya hakimu.

Walimu wa ufundi wa mkoa huu tunafahamiana. Wapo waliokuwa wakisubiri kuona klabu yangu itafika wapi ili nao waagize kwenu. Wameshaniuliza. Bado sijawajibu, na nitakachowajibu kinategemea nitakachopokea kutoka kwako ndani ya siku hizo 7.

Chombo hakijatengenezwa. Nimekiacha na tundu lake kama kilivyotoka kwenye mkono wa mtu wenu, kwa sababu ni kielelezo, na yeyote mtakayemtuma Tanga kukikagua atakikuta hivyo. Akija, asikiguse bila ruhusa yangu.

Nilikuwa nimepanga nakala ya barua hii niitume Tume baada ya siku 7 kupita. Nimebadili nia. Naipeleka leo pamoja na hii yako.

Wako,

Mwalimu mstaafu wa ufundi seremala,
kwa niaba yake na ya wazazi wa klabu ya ufundi,
Chumbageni, Tanga.

Viambatisho: nakala ya risiti, picha ya lebo, picha za ubao uliopasuka, karatasi ya taruma la tano, ukurasa wa maelekezo unaoagiza vibao vilowekwe.

Nakala: Tume ya Ushindani.